Mkono Uliosema Pita

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mpungaji, na yeye hakuchukia hata kidogo. Alicheka mpaka mwanya wake ukaonekana. Jina lake hasa ni Gerishon Thuo, mtu wa Mutuini, na kwa miaka kumi na miwili nilikaa naye chumba kimoja, mie kwenye meza ya karani, yeye kwenye bodi. Mlango wa chumba hicho ulikuwa wazi toka asubuhi hadi saa kumi na moja, nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa Nairobi wana mdomo.

Mie ni Mwanasha. Mama Twahir, kwa wenye adabu. Nilipanda Nairobi kutoka pwani mwaka wa sabini na nane kumfuata mume wangu Mabruki, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani karibu na msikiti mkubwa wa mjini, nikapata kazi kwa Bwana Balwant, mzee wa Kisikh mwenye shule ya udereva kule mitaa ya chini, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Wenzangu walinicheka eti naongea kama redio. Nami niliwacheka kwa "kitabu yangu" na "mtu ingine," tukawa sare.

Sasa, asiyejua asidhani kwamba mtu akitaka kujifunza gari Nairobi huanza na gari. Huanza na bodi. Ni ubao mpana kama meza ya kulia watu wanane, umechorwa mji mzima: barabara, mizunguko, hospitali, benki, kituo cha petroli. Juu yake vimewekwa vigari vya kuchezea watoto. Siku ya mtihani mtahini anakwambia nitoe benki unipeleke hospitali, kisha uegeshe; nawe unasukuma kigari kwa kidole huku unataja kila ufanyalo. Naangalia kioo, natoa ishara, nasimama, naingia kushoto. Asiyeijua bodi haendi popote, hata awe fundi wa usukani namna gani.

Mwalimu Thuo ndiye aliyekuwa bingwa wa bodi. Gari lakini hakuwa nalo. Alikuja kazini kwa baiskeli, blakimamba yake ile nzito, toka Mutuini, akapita Dagoretti Corner, akaifuata Ngong Road mpaka mjini, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo. Wanafunzi wapya walinong'onezana ngazini: mwalimu wa udereva anakuja kwa baiskeli! Akiwasikia aliwajibu kwa upole kwamba wao wataijua barabara kwa kioo, yeye anaijua kwa goti. Kisha alipandisha suruali akawaonyesha kovu, na kelele zikaisha.

Bodi aliyoikuta haikuwa na mtu hata mmoja. Magari matupu! Mji gani huo, akauliza, wenye hospitali na hauna wagonjwa? Akachonga vijiti, vingine vifupi vya watoto, vingine akavizungushia waya kuwa baiskeli, kimoja akakifunga kitambaa cheusi akaniambia huyo ni wewe, Mama Twahir, na buibui lako unavuka barabara ya Tom Mboya bila kutazama. Nilimtukana kidogo. Lakini alisema kweli, nilikuwa navuka hivyo.

Na kila kigari kilipofika kwenye zebra, pale pa kuvukia watu, mwanafunzi alipaswa kusema maneno mawili: nasimama, napunga. Anasimamisha kigari, anainua mkono wake wa kweli, anakipungia kile kijiti kipite. Asiyepunga alirudishwa mwanzo.

Mkono huo ulikuwa na asili yake. Alipokuwa kijana alikuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli kutoka kwao hadi nyumba za wakubwa Kileleshwa, na kwa miaka yote hiyo hapakuwa na dereva aliyemtazama usoni. Walimpigia honi, wakamsukumia mtaroni yeye na maziwa yake, wakenda zao. Siku moja, mvua inanyesha, bwana mmoja akasimamisha gari, akainua mkono, akampungia apite. Hayo tu, hakuna zaidi. Lakini aliniambia, "Mama Twahir, siku ile nilijua mimi ni mtu." Kwake yeye kusimama peke yake hakukutosha. Gari laweza kusimama kwa kuwa petroli imekwisha, alisema. Mkono ndio unaomwambia mtu kwamba ameonekana.

Basi ikawa ndiyo alama ya shule yetu. Watu walikuwa wakija wakisema, nimekutana na dereva mwanamke mjini leo, amenisimamia akanipungia, nikajua huyo ametoka kwenu. Mwalimu aliposikia hayo alijaa furaha siku nzima, na mie nilijivuna kwa niaba yake, sifichi.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Bi Manjula. Mama wa makamo, mwenye duka la sari Biashara Street, amejifunza gari akiwa na miaka arobaini na mitano kwa sababu mumewe aliugua kiharusi na hakuwa na wa kumpeleka kwa daktari. Alikuwa mwoga, jamani. Alilia kwenye bodi, na kigari chenyewe ni cha plastiki. Mwalimu alimvumilia miezi minne, akapata leseni, akatuletea ladu sahani nzima.

Mwezi wa nane mwaka wa tisini nikamwona mlangoni, uso umemshuka, viatu vimebadilishana, cha kulia kiko mguu wa kushoto. Mwalimu alikuwa na wanafunzi sita. Bi Manjula hakuwangoja watoke.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilisimama. Mimi nilipunga mkono, vile wewe ulinifundisha. Sasa yule mama amekufa. Niambie, nimekosea wapi?"

Tukamkalisha, nikampa maji, akatueleza. Ilikuwa juzi yake, barabara ile pana inayoteremka mjini kutoka Upper Hill, karibu na hospitali kuu, ile yenye leni mbili za kwenda na mbili za kurudi. Yeye yumo leni ya kushoto, ukingoni. Kwenye zebra wamesimama wanawake wawili, mmoja mzee, mwenzake amemshika mkono. Akasimama. Akapunga. Wale wanawake wakashuka, wakapita mbele ya gari lake, na walipomaliza tu upana wa gari lake, pikapu ikaja kwa kasi kwenye leni ya pili. Dereva wa pikapu hakuwaona, gari la Bi Manjula liliwaziba. Mzee alikuwa mbele. Mwenzake aliyebaki nyuma kidogo hakuguswa.

Mwalimu aliwaruhusu wanafunzi waende nyumbani. Bi Manjula naye alipoondoka, nikamfuata mpaka chini nikamtafutia teksi, kwa maana gari lake alikwisha kuapa hatalishika tena, na kweli hajalishika hadi leo.

Niliporudi nilimkuta mwalimu ameinamia bodi. Ameweka kigari kimoja kwenye zebra na vijiti viwili mbele yake. Akachukua kigari cha pili, akakisukuma pembeni ya kile cha kwanza. Vijiti vikaanguka. Akavisimamisha, akasukuma tena. Sijui alirudia mara ngapi, nami nilijitia naandika, lakini kalamu haikuwa na kazi.

"Kumi na miwili, Mama Twahir," alisema. "Miaka kumi na miwili. Umewahi kuona magari mawili yanakwenda pamoja kwenye bodi hii?"

Nikafikiri. Sikuwahi. Kigari kinachokwenda kilikuwa ni kimoja tu, kile kilicho chini ya kidole cha mwanafunzi. Vingine vyote vilikuwa vimesimama vikimngoja. Ndivyo mtihani unavyotaka, ndivyo wote walivyofundisha, shule hii na ile. Mtu aliyepanda baiskeli kila siku kati ya malori, aliyejua kwa ngozi yake kwamba nyuma ya gari kuna gari, alipoingia ndani ya chumba kile alisahau, kwa kuwa bodi ilikuwa tulivu.

Akaniambia nilichoshindwa kukisahau. "Mkono wa Manjula ulisema pita kwa leni yake peke yake. Yule mama alisikia barabara nzima. Nimefundisha watu kutoa ruhusa wasiyokuwa nayo."

Kesho yake somo likabadilika. Simama, mikono ibaki kwenye usukani. Anayevuka mwache aangalie mwenyewe, avuke kwa macho yake. Tena angalia kioo cha pembeni, anayekuja nyuma akitaka kukupita pale, washa taa, piga honi, fanya lolote ajue kuna mtu. Na kila mwanafunzi wa zamani aliyemwona barabarani alimsimamisha akiwa juu ya baiskeli akamwambia hivyo hivyo dirishani. Baadhi walimshukuru. Wengine walidhani mzee amechanganyikiwa.

Bwana Balwant hakukataa somo jipya. Mtu mwema, Balwant, lakini alikuwa na shemeji wakili, na mwenye shemeji wakili halali usingizi. Alituita sote wawili akasema fundisheni mnavyotaka toka leo, lakini la jana msilitaje. Mtu akisikia mwalimu wa shule hii amekiri kwamba alifundisha vibaya, watatupeleka kortini. Akamwelekea mwalimu akamwambia kwamba akienda kwa watu wa marehemu kusema kosa ni lake, asirudi kazini.

Mwalimu aliitikia. Nami nikaona ameitikia kwa kichwa tu.

Ilimchukua wiki tatu kumpata yule mwanamke aliyebaki. Bi Manjula alikuwa na jina lake kutoka kituo cha polisi: Annah, mfanyakazi wa nyumbani, Kileleshwa. Mwalimu alizunguka na baiskeli yake baada ya kazi, akiuliza walinzi geti baada ya geti, mpaka akamkuta anaanika nguo nyuma ya nyumba za ghorofa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda naye, maana nilimwambia mwanamume asiyejulikana hawezi kwenda kumsimamia mwanamke mfiwa kwenye kamba ya nguo. Lazima awepo mwanamke.

Annah alikuwa na kama miaka thelathini, mwembamba, anaongea taratibu. Alitukaribisha tukae kwenye ngazi. Akasema yule mzee alikuwa mama yake mzazi, aliyetoka Kitui kuja kutibiwa macho. Miaka saba alikuwa haoni, mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kaka yake, Mwololo, ndiye aliyehangaika mpaka mama akapata kitanda na kufanyiwa upasuaji. Bandeji ilitolewa asubuhi ile ile, na kazi ya Annah ilikuwa ndogo tu: kumchukua mama hospitalini, kumvusha barabara, kumpeleka kwa Mwololo.

Mwalimu akamuuliza ndugu zake wanasemaje.

Hawasemi, alitujibu. Kwenye mazishi Mwololo alimuuliza mbele ya watu, ulimtanguliza mama kipofu mbele yako barabarani, na wewe ukabaki nyuma mzima? Hakujibu. Wakamwambia asikaribie kaburi. Tangu siku ile hakuna kaka, hakuna shemeji, hakuna mtoto wa kaka anayempa hata salamu. Barua zake zinarudi. Alikutana na Mwololo mjini, uso kwa uso, na Mwololo akahama upande wa barabara.

"Kosa ni langu," Annah alisema. "Mkono ulipungwa, tukaingia." Akatazama nguo zake. Nikahisi kuna neno amelimeza, lakini si adabu kumbana mfiwa.

Mwalimu akamwambia palepale ya kwake: nani alimfundisha yule dereva kupunga, na kwa nini. Annah alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema asante kwa kuja, lakini kuniambia mimi kunanisaidia nini? Anayehitaji kusikia ni Mwololo. Na Mwololo hatanisikia mimi.

Mwalimu akauliza Mwololo anakaa wapi, ili yeye mwenyewe aende. Annah akasema ni seremala, amepanga Mutuini, pale njia inapogawanyika, kibanda kina mlango wa bluu.

Niliona rangi inamtoka mwalimu. Nairobi ni kubwa, lakini barabara zake ni chache. Huyo seremala wa mlango wa bluu alikuwa akimjua. Kila asubuhi akipita na baiskeli alimpigia kengele, na seremala aliinua randa kumwitikia. Hata meza ya jikoni kwa mwalimu ilitengenezwa pale.

Ungedhani angekwenda siku hiyo hiyo, si karibu na kwake? Thubutu! Wiki ya kwanza alisema anatafuta maneno. Wiki ya pili mvua. Wiki ya tatu Mwololo alikuwa na wateja. Akawa anapita pale kila asubuhi, anapiga kengele, anainuliwa randa, anaendelea. Akakonda. Mkewe, Wamucii, alipanda ngazi zetu siku moja akanivuta pembeni, akaniambia Mama Twahir, mume wangu anazunguka njia ya mbali kurudi nyumbani, anapitia mashambani na giza linamkuta, na chakula hakipiti. Amekula nini huko mjini? Nikamwambia amekula mkono. Hakunielewa, nami nilimweleza.

Miezi mitatu, jamani. Miezi mitatu mwanamke wa watu ametengwa kama mwenye ukoma, na mwenye neno la kumfungua anapita mlangoni akipiga kengele. Mie nina hasira za karibu, mume wangu anajua, na siku ile zilinipanda. Nikafunga kitabu changu cha majina nikamwambia hivi: "Mwalimu, mficha uchi hazai. Unaogopa Balwant au unaogopa randa? Annah anazikwa kidogo kidogo kila siku na wewe ndiye unayechimba."

Maneno makali hayo, tena kumwambia mtu anayenizidi umri. Nilijuta yaliponitoka, ila sikuyarudisha. Akaniuliza kama Jumapili nina nafasi. Nikamwambia ninayo.

Nitangulize la Bwana Balwant hapa nisije nikalisahau. Mwalimu alikwenda ofisini kwake Ijumaa akamwambia wazi: Jumapili nakwenda, ukinifukuza Jumatatu sitakulaumu. Balwant alikunja ndevu zake, akatukana kwa Kipunjabi, akasema toka hapa. Jumatatu mwalimu alifika kama kawaida na vibanio vyake vya nguo, akamkuta Balwant amesimama kwenye bodi. Balwant alimtazama, akamsogezea boksi la chaki, akatoka. Wallahi, halikutajwa tena.

Jumapili yenyewe Wamucii alitupikia, hatukula. Annah alikuwa amekuja na basi la asubuhi, amevaa nguo nyeusi. Tulishuka kwa miguu, wanne, mwalimu ameacha baiskeli nyumbani. Tulipoufikia mlango wa bluu Annah alisita, nikamshika mkono nikamwambia nipo.

Mwololo alikuwa mtu wa mapande makubwa, kifua kimejaa vumbi la mbao hata Jumapili. Wadogo zake wawili walikuwepo. Alimwona mwalimu akatabasamu. Alimwona dada yake nyuma, tabasamu likaondoka. Akataka kufunga mlango. Mwalimu akaweka mguu.

"Nisikilize kwanza," alisema. "Ukishanisikiliza utafunga."

Tuliingia. Hatukupewa viti. Mwalimu akasimama katikati ya vile viti visivyo na miguu na vitanda visivyo na mbao, akasema yote, bila kujitetea. Kwamba dereva aliyepunga ni mwanafunzi wake. Kwamba yeye ndiye aliyemfundisha, na amewafundisha wengine hivyo miaka kumi na miwili, akijua ni heshima. Kwamba mama yao aliuamini mkono ambao ulikuwa wake yeye, hata kama ulikuwa kwenye bega la mtu mwingine. Akasema, "Annah hana kosa. Ukitaka mtu wa kutosalimiana naye, nipo mimi."

Mwololo alikuwa akimtazama. "Umekuwa ukinipigia kengele kila asubuhi," alisema.

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Miezi mitatu nimejua."

Wadogo zake walisimama. Nikadhani tunapigwa. Lakini Mwololo aliwazuia kwa mkono, akavuta pumzi, akasema kwamba mwalimu ni mwungwana kwa kuja, na neno lake amelisikia. Lakini halibadilishi kitu. Mkono umepungwa, sawa. Ulipungwa kwa nani? Mama alikuwa kipofu. Aliyeuona mkono ni Annah. Aliyemwingiza mama barabarani ni Annah. Na aliyekuwa mbele ni mama, aliyetoka mzima ni Annah. Hilo, alisema, hakuna mwalimu wa kulieleza.

Mwalimu amebeba kosa lake miezi mitatu, amelileta, amelitua chini, na halikumsaidia mtu. Nilimwonea uchungu mpaka machozi yakanilenga, nami si mtu wa kulia hovyo.

Hapo Annah akaniachia mkono.

"Mimi sikuuona mkono," alisema.

Kaka zake wakamgeukia. Alikuwa anatazama sakafu, kwenye maranda ya mbao.

Akasema yeye alikuwa anaangalia upande wa mbali, magari yanayopanda kutoka mjini, akitafuta nafasi. Aliyeuona mkono ni mama. Toka wametoka hospitalini alikuwa anataja kila kitu njiani: mti ule, mtu yule, ndege. Annah alimwambia mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, nyamaza tuvuke kwanza. Mama akasema, yule mwanamke anatuita. Annah akamwambia ngoja kidogo. Mama hakungoja. Alicheka, akamvuta Annah mkono, akatangulia yeye. Miaka saba alikuwa anaongozwa, na siku ile alitaka kumwongoza mwenzake.

"Kwa nini hukusema?" mmoja wa wadogo aliuliza.

"Ningesema nini? Mama amelala ndani ya sanduku, nisimame nimwambie Mwololo kosa ni la mama?" Akamwonyesha mwalimu kwa kidevu. "Leo huyu amesema ni lake. Nimeona kama amenifungulia nafasi."

Mimi nilikuwa namtazama Mwololo, nikingoja atasema nini juu ya kosa, ni la nani sasa. Wala hakuligusa.

"Mama aliona?" aliuliza. "Daktari aliniambia upasuaji pengine hautafaulu. Nimekuwa nikiamini alikufa gizani."

"Aliona, kaka. Aliona bangili kwenye mkono wa yule mwanamke, akaniambia ni za kijani. Tulipopita mbele ya gari nilitazama, zilikuwa za kijani."

Mwololo aliburura kiti, ndicho kilichokuwa na miguu yote, akakiweka kando yake, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Keti hapa, Annah," alisema. "Anza mlipotoka hospitalini. Niambie polepole, kimoja kimoja. Aliona nini?"